WEMBAMBA WA SIMU: KIZURI HAKIKOSI ILA



Ndugu wanafunzi, wazee wetu na walezi, kama ilivyo ada ya jarida letu, kila mwaka tunatenga kurasa chache kwa ajili ya elimu ya vitu tunavyovitumia kila siku. Mwaka huu tumechagua simu ya mkononi, na khasa jambo moja tu katika simu hiyo, nalo ni wembamba wake. Huenda mtu akauliza: wembamba wa simu una nini hata uandikiwe makala? Sababu yake tutaieleza kwa kisa kilichotukuta sisi wenyewe.

KISA CHA SIMU YA OFISI

Mwaka jana mfadhili mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aliizawadia madrasa yetu simu. Ilikuwa simu nzuri, nyembamba, na kila aliyeishika aliisifu. Tukaifanya ndiyo simu ya ofisi na tukaingiza ndani yake namba za wazazi wote.

Siku ya ziara ya wanafunzi tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Picha zikapigwa njia nzima. Ilipoingia alasiri, chaji ikawa imekwisha. Wakati wa kurudi gari letu likaharibika, tukakaa kando ya barabara mpaka baada ya isha. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na kitochi chake kikuukuu, kina chaji na kina salio. Lakini tungempigia nani? Namba zote za wazazi zilikuwa ndani ya ile simu nzuri iliyozimika.

Wazazi walisimama mlangoni pa madrasa zaidi ya saa mbili, hawajui watoto wao wako wapi. Tulipofika, mama mmoja alikuwa analia. Alhamdulillah, watoto wote walirudi salama. Lakini aibu ile hatujaisahau.

Kesho yake mjadala ukazuka. Baadhi yetu waliilaumu simu, wengine wakatulaumu sisi tulioitegemea. Basi tukasoma, tukawauliza mafundi, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

SIMU ZILIVYOKONDA

Wazee wetu wanaikumbuka Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000. Unene wake ulikuwa milimita 22, karibu sawa na vidole viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine. Mwaka 2004 ikaja Motorola RAZR V3, simu ya kukunja ambayo hata ikifungwa ilikuwa milimita 13.9 tu. Watu waliipenda mno, na zikauzwa zaidi ya milioni 130. Hapo watengenezaji wakajua kuwa wembamba unauza.

Mwaka 2007 ilitoka iPhone ya kwanza ikiwa na milimita 11.6. Mwaka 2010 iPhone 4 ikashuka hadi milimita 9.3, na mwaka 2014 iPhone 6 ikafika milimita 6.9. Mwaka huo huo wa 2014 kampuni ya Oppo ya China ilitoa simu iitwayo R5 yenye milimita 4.85 tu.

Baadaye mbio hizo zilipoa. Simu nyingi zikarudi kwenye milimita 8 au zaidi kidogo, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakilalamikia chaji. Kisha mwaka 2025 mashindano yakaanza upya: Samsung ikatoa Galaxy S25 Edge ya milimita 5.8, na Apple ikafuata na iPhone Air ya milimita 5.6.

KWA NINI WEMBAMBA UNAPENDWA?

Ni lazima tuwe waadilifu. Wembamba una faida zake, nazo ni hizi:

(a) Simu huwa nyepesi. Mtu anayeisoma kwa muda mrefu, mkono hauchoki upesi.

(b) Hukaa vizuri mfukoni mwa kanzu au ndani ya mkoba, wala haivuti nguo.

(c) Hushikika vizuri. Simu za siku hizi zina vioo vipana, na kitu kipana kikiwa kinene pia, kiganja kidogo hakikimudu.

(d) Hupendeza macho, na mtu kupenda kitu kizuri si kosa.

Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka simu nyembamba si mjinga wala si mdanganyifu. Tatizo ni kwamba nafasi ndani ya simu ni kama kitambaa mezani kwa fundi cherehani. Ukimletea yadi tatu na ukataka kanzu ndefu, mifuko mikubwa na mikono mipana, atakuuliza: nikate wapi? Vivyo hivyo simu ikipunguzwa unene, lazima kuna mahali palipokatwa. Tutazame ni wapi.

1. BETRI

Kioo cha mbele, kifuniko cha nyuma na bodi ya umeme havipunguziki kirahisi, kwani kioo kikizidi kuwa chembamba kitapasuka. Kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya simu ni betri, na ndicho kinachokatwa kwanza.

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwaka 2025 Samsung iliuza simu mbili zenye kioo cha ukubwa mmoja, inchi 6.7. Galaxy S25+ ina unene wa milimita 7.3 na betri yake ni mAh 4900. Galaxy S25 Edge ina milimita 5.8 na betri yake ni mAh 3900. (Herufi mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuweka, namba ikiwa kubwa, akiba ni kubwa.) Unene umepungua kwa moja ya tano, na akiba ya umeme nayo imepungua kwa moja ya tano. Pamoja na hayo, kamera ya kuvutia vitu vya mbali, iliyomo katika S25+, haimo katika Edge.

Hasara ya betri ndogo haiishii kwenye kuzimika alasiri. Betri za simu huchakaa kwa kuchajiwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka betri ya simu ibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kujazwa mara 800. Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayejaza betri yake mara moja kwa siku atafika mara 800 baada ya siku 800, yaani miaka miwili na zaidi ya miezi miwili. Anayelazimika kuijaza mara mbili kwa siku atafika hapo kwa siku 400, mwaka mmoja na mwezi mmoja tu. Hivyo betri ndogo huisha mapema kwa siku, na huzeeka mapema kwa miaka.

2. UGUMU WA KUTOPINDIKA

Mwanafunzi, chukua rula yako ya plastiki. Ilaze bapa uipinde: inapinda bila taabu. Sasa isimamishe kwa ubavu uipinde: haikubali. Plastiki ni ile ile na mkono ni ule ule, kilichobadilika ni unene wa upande unaoupinda.

Wahandisi wana kanuni ya jambo hili. Ugumu wa bapa hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bapa la milimita 12 ukilifanya la milimita 6, hulipunguzii ugumu kwa nusu. Ni mbili mara mbili mara mbili, yaani linabaki na moja ya nane tu ya ugumu wake.

Mwezi Septemba 2014, siku chache baada ya iPhone 6 na 6 Plus kuanza kuuzwa, baadhi ya watu walilalamika kuwa simu zao zimepinda mfukoni. Apple ilisema wakati ule kwamba ni wateja tisa tu waliowasilisha malalamiko kwake. Lakini mwaka 2018 nyaraka zilizowekwa wazi katika kesi moja huko Marekani zilionesha kuwa vipimo vya kampuni yenyewe, kabla ya simu kuuzwa, vilikuwa vimebaini kuwa iPhone 6 ina uwezekano wa kupinda mara 3.3 kuliko iPhone 5s iliyotangulia, na 6 Plus mara 7.2.

Fanyeni hesabu wenyewe. Simu ya 5s ilikuwa na milimita 7.6, na ya 6 ilikuwa na milimita 6.9. Kwa kanuni tuliyoitaja, tofauti hiyo ndogo, ambayo jicho haliioni vizuri, peke yake inaondoa karibu robo ya ugumu. Ongeza hapo kuwa simu mpya ilikuwa ndefu zaidi, na kitu kirefu hupindika kirahisi. Mwaka 2015 iPhone 6s ikatoka na alumini ngumu zaidi na unene wa milimita 7.1. iPhone Air ya mwaka 2025 nayo imewekewa fremu ya titani, madini magumu lakini ya bei kubwa kuliko alumini. Kwa hiyo ugumu unaweza kurudishwa, ila unanunuliwa.

3. KAMERA

Je, umewahi kujiuliza kwa nini simu nyingi haziwezi kulala bapa mezani, zinayumba kwa sababu ya kile kibonge cha kamera? Jibu ni kuwa mwanga unahitaji masafa. Lenzi lazima iwe mbali kiasi fulani na kile kipande kinachopokea mwanga, la sivyo picha haitulii. Na kadiri kipande hicho kinavyokuwa kikubwa ili kupiga picha nzuri gizani, ndivyo masafa hayo yanavyozidi kuhitajika.

Basi mtengenezaji ana njia tatu. Njia ya kwanza ni kuiacha kamera itokeze nje, na ndivyo wengi walivyofanya. Kumbuka kuwa unene unaotangazwa kwa kawaida hauhesabu kibonge hicho. Njia ya pili ni kuulaza mwanga ndani ya simu kwa kipande cha kioo kinachoupindisha, kama Huawei walivyofanya katika P30 Pro ya mwaka 2019 kwa kamera yake ya mbali. Njia ya tatu ni kupunguza idadi ya kamera, na ndiyo maana iPhone Air ina kamera moja tu nyuma.

4. JOTO

Sufuria ndogo ya maji huchemka kabla ya sufuria kubwa. Simu nyembamba ni sufuria ndogo: haina mwili wa kulibeba joto wala nafasi ya kulisambaza. Mtu akirekodi video ndefu au akicheza michezo, joto hupanda upesi. Ili kujilinda, simu hupunguza kasi yake yenyewe na kuanza kukwama.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa mwambao. Apple inashauri simu zake zitumiwe mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, na wote tunajua gari lililoegeshwa juani mchana wa Februari linavyokuwa ndani. Joto huizeesha betri ya lithiamu kuliko kitu kingine chochote tunachokifanya kwa kutojua.

5. MATUNDU NA LAINI

Waya wa hedifoni una upana wa milimita 3.5, na tundu lake linahitaji zaidi ya hapo. Oppo R5 haikuwa nalo mwaka 2014, na iPhone 7 ililiacha mwaka 2016. Leo simu nyingi za bei ya juu hazina tundu hilo. Mwanafunzi aliyezoea kusikiliza darsa kwa hedifoni ya bei nafuu sasa hutakiwa kununua ya bila waya, ambayo nayo inataka kuchajiwa.

iPhone Air imekwenda mbali zaidi: haina mahali pa kuweka kadi ya laini kabisa. Laini yake ni ya kielektroniki na huingizwa kwa mtandao. Kwetu, ambako mtu huwa na laini mbili, huihamisha kadi kutoka simu moja hadi nyingine, na fedha zake zimo ndani ya laini, hili si jambo dogo la kulipuuza.

6. MATENGENEZO

Zamani betri ilitolewa kwa ukucha. Ukiwa na safari ndefu ulibeba ya pili mfukoni. Betri ya kutolewa inahitaji ganda lake gumu, na simu inahitaji mlango na vibanio, na vyote hivyo hula milimita. Kwa hiyo betri ikafungiwa ndani kwa gundi. Faida yake ni wembamba na kuzuia maji. Hasara yake ni kwamba fundi lazima aipashe simu moto, akifumue kioo au kifuniko cha nyuma, na aombe kisivunjike. Kazi iliyokuwa ya bure sasa ina malipo, na mara nyingine fundi hukwambia nunua nyingine tu.

Kanuni za Ulaya tulizozitaja zinawataka pia watengenezaji waendelee kutoa vipuri kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Kanuni hizo si za kwetu, lakini simu zinazouzwa kule nyingi ni za aina zile zile zinazouzwa huku.

SUALA LA USALAMA

Ndani ya betri ya lithiamu kuna matabaka mawili, chanya na hasi, yanayotenganishwa na utando mwembamba sana. Matabaka hayo yakigusana, moto huzuka. Betri pia hutanuka kidogo inapochajiwa, na huvimba inapozeeka, kwa hiyo inahitaji nafasi ya kupumua.

Mwezi Agosti 2016 Samsung iliingiza sokoni simu ya Galaxy Note7. Baadhi zikaanza kuwaka moto. Septemba zikarejeshwa, wakapewa watu nyingine zenye betri ya mtengenezaji mwingine, nazo zikawaka. Oktoba simu hiyo ikafutwa kabisa. Mwezi Januari 2017 kampuni ilieleza chanzo: katika betri za kwanza, pembe ya tabaka hasi ilikuwa imebanwa ikapinda, katika za pili, kulikuwa na kasoro ya kuunganisha kwa moto.

Hatusemi kuwa wembamba peke yake ndio uliosababisha hayo. Tunachosema ni kuwa pale nafasi inapokuwa finyu, kosa dogo halipati msamaha. Kwa hiyo ukiona kifuniko cha simu kinainuka au kioo kinaachana na fremu, usiibane, usiitoboe na usiichaji. Izime, iweke mbali na godoro na mapazia, na mpelekee fundi anayeaminika.

JE, HAKUNA NJIA YA KUPATA VYOTE?

Zipo juhudi. Betri za kawaida hutumia grafiti kuhifadhi lithiamu. Siku hizi baadhi ya watengenezaji huchanganya silikoni na kaboni, kwa sababu silikoni huhifadhi lithiamu nyingi zaidi katika nafasi ile ile. Honor Magic V2 ya mwaka 2023, simu ya kukunja ya milimita 9.9 ikiwa imefungwa, iliweza kubeba mAh 5000 kwa njia hiyo. Ila yake ni kwamba silikoni hutanuka sana inapojazwa, ndiyo maana huchanganywa kwa kiasi. Kizuri hakikosi ila.

Wengine wamechagua njia iliyo kinyume. Mwaka 2019 iPhone 11 Pro ilitoka ikiwa nene kidogo kuliko iPhone XS ya mwaka uliotangulia, milimita 8.1 badala ya 7.7. Apple ikatangaza kuwa chaji yake hudumu hadi saa nne zaidi. Si yote yalitokana na unene, lakini betri kubwa ilikuwa na sehemu yake.

Na tazameni ajabu hii: iPhone Air ilipotangazwa, ilitangazwa pamoja na betri ya pembeni ya kuinasisha mgongoni kwa sumaku. Kilichokatwa ndani kikauzwa nje.

NASAHA ZETU KWA FAMILIA

Kwanza, kabla ya kununua, jiulize kazi ya simu. Simu ya mama anayesafiri, ya baba anayepokea malipo kwa simu siku nzima, au ya ofisi ya madrasa, inataka chaji na laini mbili kabla ya sura. Simu nyingi za bei ya kati zinazouzwa Afrika Mashariki, kama za Tecno, itel na Infinix, zina laini mbili na betri ya mAh 5000.

Pili, muulize muuzaji mambo manne: betri ni mAh ngapi, kubadilisha betri ni bei gani, kadi ya laini inaingia, na tundu la hedifoni lipo?

Tatu, kumbuka kava. Wengi hununua simu nyembamba kwa bei kubwa, kisha siku hiyo hiyo huivalisha kava nene kwa kuogopa isivunjike. Wembamba walioulipia hawauoni tena.

Nne, vijana, msiwakalifishe wazazi kwa milimita mbili. Ukiwa na uwezo na ukaipenda simu nyembamba, ni halali yako. Lakini kumkopesha baba ili ufanane na mwenzako ni israfu.

Tano, namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi.

Ama ile simu yetu ya ofisi, bado tunayo na bado ni nzuri. Sasa inatumika kupigia picha za shughuli za madrasa, na picha za jarida hili zimepigwa nayo. Namba za wazazi zimo ndani ya daftari la jalada gumu, na kitochi cha mwalimu wetu ndicho kinachotangulia kupakiwa garini. Waliokuwa wakiilaumu simu na waliokuwa wakitulaumu sisi wamekubaliana: simu ilifanya kazi iliyoundwa kufanya, ila sisi tuliipa kazi isiyokuwa yake.

MASUALA YA KUJIPIMA

1. Bapa la milimita 9 likipunguzwa likawa la milimita 3, ugumu wake utapungua mara ngapi?

2. Taja vitu vitatu vinavyokatwa simu inapofanywa nyembamba.

3. Kwa nini kibonge cha kamera hutokeza nje?

4. Waulize wazee wako nyumbani: simu yenu ina mAh ngapi, na namba zenu muhimu zimeandikwa wapi?

Wabillahi tawfiq.